Kijito Kilichouzwa Ng'ambo Mbili

Noa hakwenda kwenye mkutano wa mtaa wa Kibokoni kwa uchungu wa maendeleo. Alikwenda kwa sababu alisikia kutakuwa na soda. Wiki nzima alikuwa Usagara akiuza dawa ya kunguni, unga mtupu wa muhogo uliofungwa kwenye vipakiti vyenye picha ya kunguni aliyelala chali. Ilipobainika kwamba kunguni wa Usagara wameupokea unga ule kama futari na sasa wamenenepa, aliona hekima ni kuhamia upande wa pili wa jiji la Tanga kabla wateja hawajaja kumpa pongezi.

Akakaa nyuma, chupa mkononi, akisikiliza kwa sikio moja. Hoja ilikuwa kijito. Kijito cha Kibokoni kiliukata mtaa katikati, na kwa miaka mingi watu wa ng'ambo zote mbili walikitupia kila walichokichoka: magodoro, maganda ya nazi, mabaki ya baiskeli, hata mlango wa friji. Ikija masika, kijito nacho kiliwarudishia vyao mpaka vyumbani. Mwaka uliopita kilimwangushia Bi Kijakazi, muuza mihogo ya kukaanga, ukuta mzima wa jiko, na mtu mzima yule akalala kwa majirani mpaka Idi.

Afisa aliyekuja na ramani akasimama, akakohoa.

"Ndugu zangu, mpango wa kukifukua kijito na kukitunza upo. Umepimwa, umechorwa, umepitishwa. Ila fedha ndizo hazipo."

Watu waliinamisha vichwa. Noa aliinua chake. Maisha yake yote alikuwa amehangaika kutafuta mpango wa kuwatolea watu fedha, na hapa palikuwa na mpango kamili, wenye ramani na mihuri, umekaa mkiwa kama bi harusi aliyekosa posa.

Akatazama mstari wa mbele. Kulia aliketi Mzee Yaarub, mwenye ghala la mchele na duka la saruji ng'ambo ya mashariki, mzee wa asili ya Kiomani ambaye alihesabu hata viberiti. Kushoto aliketi Bi Mwanakhamis, mjane wa Kipemba, muuza karafuu na udi, mwenye nyumba tano za kupangisha ng'ambo ya magharibi. Kati yao palikuwa na viti vinne vitupu, ingawa watu wengine walisimama.

"Mbona wale wameachiana uwanja wa mpira?" Noa akamnong'oneza jirani yake.

"Hawasemezani. Bomba la maji machafu la mzee lilielekezwa nyuma ya nyumba za mama. Mambo ya zamani hayo, lakini hata salamu hawapeani."

Noa akamaliza soda yake taratibu, kwa heshima, kama mtu anayepokea wahyi. Matajiri wawili wasiosemezana! Kwa mtu wa kazi yake hiyo ni nyumba isiyo na komeo, na mbwa wake kalala.

Kesho yake aliingia sokoni akatoka injinia. Alinunua kizibao cha kung'aa na kofia ngumu kwenye mitumba. Kwa mpiga picha mmoja wa harusi akaazima ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, akafunga juu yake darubini ya plastiki, ya kuchezea watoto. Akaisimamisha mbele ya ghala la Mzee Yaarub, akafumba jicho moja, akaandika kitu kiganjani.

Mzee hakuchelewa kutoka.

"We kijana! Unapima nini kwenye ukuta wangu?"

"Shikamoo, mzee wangu. Mimi ni Injinia Noa, wa kijito."

"Marahaba. Noa kama ile gari?"

"Kama ile gari, mzee, ila mimi sinywi mafuta." Akashusha sauti. "Nisingepaswa kukuambia haya. Kijito kitanyooshwa. Na kikinyooshwa, lazima kihame. Nimepima mara mbili. Kinahama kwenda magharibi."

"Magharibi?" Mzee Yaarub akavua miwani. "Kwa yule mwanamke?"

"Sayansi haina jamaa, mzee. Hapa kwako patabaki kiwanja kikavu, upana wa ghala jingine zima. Watakaouchangia Mfuko wa Kijito mapema ndio watakaofikiriwa mapema."

Mzee alitazama maji meusi yaliyolala mbele yake, na Noa akaona ghala jipya likijijenga machoni mwake, tofali kwa tofali. Kabla ya adhuhuri bahasha ya kwanza ilikuwa imetua.

Alasiri Noa alivuka daraja. Bi Mwanakhamis alikuwa barazani akichambua karafuu kwenye ungo. Aliitikia shikamoo, akasogeza mkeka, akaleta chai ya maziwa na mkate wa ajemi uliokuwa bado na moto wa tanuri. Noa alikula kama mtu ambaye kunguni wamemla yeye.

"Sasa mwanangu, hicho kijito chahamia wapi?"

"Mashariki, mama. Kwa Mzee Yaarub. Maji yatafika mlangoni mwa ghala."

"Masikini," akasema Bi Mwanakhamis, kwa sauti ambayo watu wengine husemea alhamdulillahi. Akamjazia kikombe tena. "Na wewe umesomea wapi uinjinia?"

"Ng'ambo, mama."

"Ng'ambo ya wapi?"

"Ng'ambo kabisa."

"Ah! Mie mambo ya ramani siyajui, baba. Nakuamini wewe tu." Akaingia ndani, akatoka na kibunda kilichofungwa kwenye pindo la kanga, akamkabidhi kwa mikono miwili. Noa alikaribia kumhurumia. Alikaribia tu.

Habari ikaenea. Matajiri wawili wametoa! Watu ambao hawakuwahi kuchangia hata ufagio wa mtaa walianza kumfuata injinia wenyewe, huyu na chake, huyu na cha mkewe. Hata Bi Kijakazi alikuja na noti zilizokunjika, zinanuka mafuta ya mihogo.

"Nitaweza kulala kwangu mwaka huu, mwanangu?"

Noa akasita pumzi moja. Kisha akapokea. Tapeli akianza kuchagua wa kumtapeli, aliwahi kumwambia rafiki yake, ataishia kuajiriwa.

Mfuko ulipotuna vya kutosha, alifunga begi akaenda kupanda basi la Mombasa. Mguu mmoja ulikuwa kwenye ngazi, mwingine bado uko Tanga, simu ikalia.

"Injinia!" Ilikuwa sauti ya Bi Mwanakhamis, inahema. "Upo wapi? Kaja mgeni, Sheikh Talal, katoka Maskati. Kasikia habari ya kijito, ataka kukuona. Mtu kama yule angeamua kutoa sadaka yake hapa, angeshindwaje kuweka mara kumi ya tulizochanga sote? Na angemkabidhi nani kama si wewe?"

"Mara kumi?" Noa akauliza, na sauti yake ikapanda kama ya kijogoo.

"Lakini maneno hayataki. Ataka aone kazi kwa macho yake."

"Oya kaka, unapanda au unatusindikiza?" konda akafoka.

Noa aliitazama njia ya Horohoro, akalitazama begi. Ndani yake kulikuwa na pesa nzuri. Lakini mara kumi! Pesa ya mkononi, ambayo asubuhi ilikuwa tembo, ghafla ikawa panya. Akashusha mguu.

Kazi ya siku moja, akajiambia. Kukwaruza ardhi kidogo mbele ya macho ya sheikh, basi. Alikwenda kwa Mastura, dada mwenye mabega ya mpiga makasia, aliyejifunza kuendesha katapila la kijiko kwenye machimbo ya chokaa. Mastura alikuwa na sharti moja: pesa kabla ya moto wa injini.

"Nichimbe wapi, injinia?"

"Chimba... palepale panapochimbika."

"Basi nitafuata ramani ya afisa. Bi Mwanakhamis kashachukua kibali, kanipa nakala."

"Ndiyo hiyo niliyokuwa naisema," akasema Noa.

Sheikh Talal alifika jioni, kanzu nyeupe yenye kishada shingoni, kilemba cha rangi ya zambarau, bakora, na harufu ya udi iliyotangulia mbele yake hatua kumi. Alisimama ukingoni. Akatazama shimo la Mastura. Akamtazama Noa. Akalitazama shimo tena, kwa huzuni.

"Hii ndiyo kazi?"

"Mwanzo wake, sheikh."

"Kule kwangu," akasema Sheikh Talal polepole, "nina kuku. Hufukua zaidi ya hapa."

Bi Mwanakhamis akamvuta Noa pembeni. "Wewe! Wataka kuniaibisha? Lau angekikuta kijito kimefunguliwa mpaka darajani, pengine ingekuwa hata mara ishirini."

Noa akapiga hesabu. Ukitaka papa, utie chambo. Akamlipa Mastura wiki nzima.

Kijito kikafunguliwa mpaka darajani. Yakatoka magodoro, zikatoka fremu za baiskeli zilizotosha kufungua duka, ukatoka na ule mlango wa friji. Sheikh akaja, akatikisa kilemba. "Mashallah. Lakini kingo zitaanguka. Hazina mawe?" Noa akanunua mawe na saruji. Duka lilikuwa la Mzee Yaarub, ambaye alimuuzia kwa bei ya dukani bila kupunguza hata thumni, akimwita "mwanangu." Sheikh akaja tena. "Tabarakallah. Mtu akiona kazi kama hii, moyo hufunguka. Ila huku juu, kwenye kona?" Noa akalipia na kona.

Mfuko ulipokwisha alitoa akiba yake mwenyewe, matunda ya kunguni wa miji mitatu. Ilipokwisha hiyo akauza simu kubwa, akabaki na ya tochi. Kwa hiyo ya tochi akampigia mkewe Benedikta, Muheza, auze mbuzi wao wawili.

"Kuna jambo kubwa, mke wangu. Nimeweka chambo."

"Noa, mbuzi wangu ni chambo?"

"Utanishukuru."

Pesa za mbuzi zilimlipa Mastura, hazikufika kwa vibarua. Basi injinia mwenyewe akavua viatu, akaingia kwenye tope na koleo. Viganja vikapasuka, vikavimba, vikashika sugu. Watu wa Kibokoni wakasimama darajani kumwangalia, wakasema hawajapata kuona msomi wa namna hii. Siku moja kijana mmoja akamwaga ndoo ya takataka kutoka dirishani, na Noa akajisikia akinguruma:

"Wewe! Unadhani kijito hiki jalala la baba yako? Shuka uzoe!"

Kijana akashuka, akazoa. Noa akabaki na koleo mkononi, akishangaa hasira ile imetoka wapi, maana hakuwa ameipanga.

Jiwe la mwisho lilipangwa wingu la masika likiwa limeshatanda. Bi Mwanakhamis akatangaza pilau ya shukrani nyumbani kwake, mtaa mzima. "Na sheikh atakuwepo?" Noa akauliza. "Bila yeye pataliwa nini?" akajibu mama. Noa akaenda kuazima begi kubwa.

Mvua ilianza kabla watu hawajanawa mikono. Ilikuja kama inavyokuja Tanga, bila hodi, na wote wakakimbilia chini ya turubai wakigeuza shingo kutazama kijito. Maji yakapanda. Yakafika kwenye mstari wa mawe. Yakapinda kwenye kona, yakapita chini ya daraja yakivuma, yakaenda zao baharini. Hakuna nyumba iliyoguswa. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wakamwitikia kumi, kisha mtaa mzima, na Noa, begi kwapani, akajikuta naye anapiga makofi.

Ndipo alipomwona Mzee Yaarub. Alikuwa amekaa mkeka mmoja na Bi Mwanakhamis, wanakula sinia moja, na mzee anamchagulia mama mnofu.

Noa akalibana begi. "Sheikh yuko wapi?"

"Talal!" Bi Mwanakhamis akaita kuelekea uani. "Mgeni wako!"

Akatoka Sheikh Talal. Hakuwa na kilemba. Alikuwa na msuli, fulana ya jasho, na mwiko wenye urefu wa kasia.

"Injinia, karibu," akasema, safari hii haraka haraka, kwa lafudhi ya Pangani. "Ukoko upo, kama waupenda."

"Talal ni mpishi wa harusi," akasema Bi Mwanakhamis kwa upole. "Kwao Ushongo. Maskati alikwenda kweli, alichunga mbuzi miaka miwili. Keti, baba."

Noa aliketi, begi bado kwapani.

"Aliniahidi pesa," akasema.

"Nani kakuahidi?" akauliza Talal, ameumia kweli. "Mimi ni mtu wa msikitini. Nilisema moyo hufunguka. Wangu ulifunguka."

"Nami nilisema angeamua, lau angekikuta, pengine ingekuwa," akasema Bi Mwanakhamis. "Umeishi kwa kuwaambia watu 'nitatoa' na 'nitaleta', mwanangu, ukasahau kwamba Kiswahili kina 'nge' pia."

Mzee Yaarub alicheka mpaka wali ukampalia, ikabidi mama ampige mgongoni.

"Mlijua lini?" Noa akauliza.

"Siku ile ulipokula mkate wangu. Marehemu mume wangu alikuwa tapeli, Mungu amrehemu. Aliwahi kumuuzia mtu meli isiyo yake, tena inaondoka. Nimempikia mtu wa namna yako maisha mazima, nimjue kwa kitu gani kama si kwa ulaji wake? Ulipoondoka nikavuka daraja. Nikamwambia huyu mzee, najua hatusemezani, lakini nijibu moja: wewe injinia kakwambia kijito chahamia wapi?"

"Nikasema kwake," akadakia Mzee Yaarub. "Naye akasema yeye kaambiwa kinahamia kwangu. Wallahi tulicheka mpaka tukasahau bomba. Kesho yake nikaligeuzia kwingine."

"Basi kwa nini hamkuita polisi? Kwa nini mliniacha nikusanye pesa za watu?"

"Kwa sababu sisi tuliomba miaka, hawakutoa," akasema Bi Mwanakhamis. "Wakiniona mie wasema nalinda nyumba zangu, wakimwona yeye wasema analinda mchele wake. Ukaja wewe na kofia yako, wakatoa. Polisi wangekuchukua, wewe ungelala rumande na sisi tungelala majini."

"Na kama ningepanda lile basi?"

"Konda ni mjukuu wangu. Usingefika hata Amboni."

Noa akalitazama lile begi kubwa la kuazima, tupu. Angemshtakia nani? Angesema ameibiwa nini, pesa alizoiba, zikachimba kijito?

Bi Kijakazi ndiye aliyekuja wakati huo, amejifunika mfuko kichwani, mihogo ya moto kwenye sahani. Hakujua lolote la sheikh wala la mpishi. Alikishika kiganja cha Noa kilichovimba, akakigeuza, akakitazama kama mtu anayesoma.

"Jiko langu limesimama," akasema. "Nimetoka kulitazama sasa hivi. Mungu akupe, mwanangu, wewe na uzao wako."

Watu walikuwa wamemwombea Noa dua nyingi maishani mwake, na zote alizipata kwa udanganyifu. Hii nayo aliipata hivyohivyo, na bado ilimshukia mahali ambapo nyingine hazikuwahi kufika. Akala muhogo mmoja, macho chini, hajui kama anataka kulia au kudai mbuzi wake.

Walimpa nauli, na Talal akamjazia pilau kwenye ndoo yenye mfuniko. Mzee Yaarub alimsindikiza mpaka kituoni na kumwambia kwamba kama angepata kazi ya halali, mchele wa mkopo angempa. Noa aliisikiliza vizuri ile 'nge'.

Benedikta alikuwa mlangoni pale Muheza, mikono kiunoni, zizi tupu nyuma yake.

"Haya. Mbuzi wangu wako wapi?"

Noa alikuwa na uongo wa kuchagua. Alikuja nao njia nzima: majambazi, benki, ugonjwa wa ghafla. Akautazama mmoja mmoja, akaona wote umemchosha. Akaweka ndoo chini.

"Nimechimba kijito," akasema. "Kule Kibokoni, mjini. Kilikuwa kinaingia kwenye nyumba za watu. Nimekichimba mpaka darajani, nikajenga kingo kwa mawe. Mbuzi wako wamemlipa mwenye katapila, na akiba yangu yote imeishia humohumo. Mvua imenyesha, maji yamepita, na watu wamelala kwao. Ndiyo kweli yote, Benedikta, na Mungu anaona."

Macho ya Benedikta yakaanza kujaa machozi.

"Noa," akasema, "umenidanganya kwamba una shamba Korogwe, nikanyamaza. Ukanidanganya kwamba umefanyiwa operesheni, nikakuuguza. Lakini hii!"

Akaichukua ndoo ya pilau, akaingia ndani, akafunga mlango.